Sheria Haiishii Getini: Uendeshaji Salama Katika Maegesho ya Binafsi

Maegesho ya binafsi ni eneo la kuegesha magari lililo ndani ya ardhi ya mtu, kampuni au taasisi, si ya serikali wala ya kaunti. Uwanja wa magari mbele ya duka kubwa, ghorofa za chini ya jumba la ofisi, ua wa hospitali, uwanja wa kanisa au msikiti, kituo cha mafuta na eneo la magari katika mtaa wa nyumba za kupanga, yote yamo katika kundi hili. Nchini Kenya maeneo haya yamekua pamoja na majumba ya biashara, tangu Sarit Centre ilipofunguliwa Westlands mwaka 1983 hadi Two Rivers iliyofunguliwa mwaka 2017, na leo ni vigumu kumaliza shughuli za siku mjini bila kupita katika mojawapo.

Imani mbili potofu zimeenea miongoni mwa madereva kuhusu maeneo hayo. Ya kwanza ni kwamba mtu akishapita getini, sheria za barabarani zimebaki nje. Ya pili ni kwamba kwa kuwa magari huenda polepole, hakuna hatari ya kutajika. Imani zote mbili zimewagharimu watu mali, viungo na hata maisha.

Ardhi ya binafsi, sheria ya umma

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, imelizungumzia jambo hili waziwazi. Katika tafsiri yake ya neno barabara, sheria hiyo haitaji barabara kuu na za mitaa tu. Inajumuisha pia njia nyingine yoyote, gati, uwanja wa kuegesha magari na njia ya miguu, mradi tu magari yanaweza kupita hapo na umma unaruhusiwa kufika. Swali la msingi, kwa hiyo, si nani mwenye hati ya ardhi. Swali ni kama watu wa kawaida huingia.

Duka kubwa huwakaribisha wateja wote, kwa hiyo uwanja wake wa magari ni barabara machoni pa sheria hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa hospitali, hoteli na kituo cha mafuta. Kulipia tiketi getini hakuondoi hali hiyo, maana yeyote mwenye kulipa huingia. Ua wa nyumba ya familia moja, wenye geti linalofungwa, uko upande wa pili. Katikati ya pande hizo mbili kuna maeneo kama mitaa ya nyumba za kupanga inayolindwa na askari, ambako jibu hutegemea jinsi mahali hapo panavyotumika kila siku na ni nani anayeruhusiwa kuingia.

Matokeo yake ni mazito kuliko wengi wanavyodhani. Kosa la kuendesha gari bila uangalifu, au bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara, linaweza kutendeka katikati ya mistari ya maegesho. Uendeshaji wa hatari ni vivyo hivyo. Kijana anayefunzwa gari na mjomba wake Jumapili asubuhi kwenye uwanja mtupu wa duka, bila leseni ya mwanafunzi, hajaikwepa sheria. Kuhusu ulevi, Sheria ya Trafiki inakwenda mbali zaidi. Inamgusa anayeendesha, anayejaribu kuendesha na hata aliye na dhamana ya gari akiwa amelewa, awe barabarani au mahali pengine pa umma. Mtu aliyetoka baa akakaa nyuma ya usukani, ufunguo mkononi, katika maegesho ya baa hiyo, asijidanganye kwamba yuko salama kwa sababu gari halijasogea.

Thamani ya kutaja maegesho ndani ya sheria inaonekana wazi katika yaliyotokea Uingereza, nchi ambayo mfumo wake wa sheria Kenya iliurithi. Mwaka 1998 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, lilisikiliza kwa pamoja kesi mbili za watu walioumia katika maegesho. Baraza liliamua kwamba kwa kawaida uwanja wa kuegesha magari si barabara, kwa sababu barabara ni njia ya kumfikisha mtu aendako, na maegesho ni mahali pa kuliacha gari. Kwa uamuzi huo, bima ya lazima ikawa haiwafikii majeruhi wa maegesho. Ilibidi kanuni mpya zitungwe mwaka 2000 ili bima hiyo ifike pia katika maeneo mengine ya umma. Sheria ya Kenya, kwa kulitaja eneo lenyewe, haikuacha mwanya wa namna hiyo katika tafsiri yake ya barabara.

Juu ya sheria ya nchi kuna tabaka la pili, nalo ni masharti ya mwenye eneo. Yeye ndiye anayepanga mwendo wa juu, njia za upande mmoja, nafasi za wenye ulemavu, saa za kufunga na ada. Anayeingia amekubali masharti hayo, na mwenye eneo anaweza kumtoa anayeyakiuka. Hata hivyo mlinzi wa geti si polisi wa trafiki. Anaweza kuelekeza, kukataza na kuandika tukio, lakini hana mamlaka ya kumnyang'anya dereva leseni wala kumhukumu kwa kosa la trafiki.

Nani ampishe nani

Migongano mingi ya maegesho huzaliwa na swali hili moja. Barabarani kuna mistari, taa na mizunguko inayojulikana na wote. Ndani ya geti alama mara nyingi ni chache, au zimefutika, na kila dereva huja na kanuni yake kichwani.

Mpangilio wa busara huanza na mtembea kwa miguu. Maegesho ni mahali ambapo kila dereva, akishazima injini, hugeuka kuwa mtembea kwa miguu, na hakuna njia nyingine ya kufika dukani ila kupita kati ya magari. Baada yake hufuata alama zilizowekwa na mwenye eneo, zikiwemo mishale, alama za kusimama na vivuko vilivyochorwa, nazo zifuatwe kama zile za barabarani. Kisha gari lililo katika njia lina haki ya kupita kabla ya gari linalotoka katika nafasi ya kuegesha. Na gari linalotoka kwenye kijia kidogo kati ya safu za magari humpisha aliye kwenye njia pana inayozunguka uwanja au inayoelekea getini.

Panapokuwa hapana alama yoyote, hakuna anayestahili kudai haki. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua hivyo mwezi Novemba 2022 katika kesi ya magari mawili yaliyogongana kwenye makutano ya vijia vya maegesho. Dereva mmoja aliegemea kanuni ya nchi hiyo kwamba anayetoka kulia hupita kwanza. Mahakama ilisema kanuni hiyo haifanyi kazi moja kwa moja katika maegesho ambayo vijia vyake havina sura ya barabara kamili. Kilichotakiwa ni madereva wote wawili kupunguza mwendo, kutazamana na kuelewana. Hekima hiyo inafaa Kisumu kama inavyofaa Berlin. Macho ya madereva yakikutana na mmoja akapunga mkono, ajali imezuiwa.

Tabia tatu huvuruga mpangilio huu. Moja ni kukata mshazari juu ya nafasi tupu ili kufika haraka upande wa pili. Dereva wa namna hiyo hutokea mahali ambapo hakuna mwenzake anayemtarajia. Ya pili ni kwenda kinyume cha mishale kwa kisingizio kwamba ni hatua chache tu. Ya tatu ni kuzuia njia nzima ukisubiri nafasi. Anayesubiri awashe indiketa, akae upande wake na aache wengine wapite. Nafasi ni ya gari lililotangulia kufika na kuonyesha ishara. Si ya abiria aliyeshushwa kwenda kusimama katikati ya mistari ili kuizuia, jambo linalouweka mwili wake mbele ya magari yanayogeuka.

Kituo cha mafuta kinahitaji neno la pekee. Nairobi na miji mingine madereva hukatiza humo kukwepa foleni, matatu hushusha abiria, na bodaboda hujipenyeza kati ya pampu. Hapo pana watu wanaojaza mafuta, wanaonunua mitungi ya gesi na wanaovuka kwenda dukani. Mahali pa mafuta si njia ya mkato.

Mwendo: hesabu isiyodanganya

Maegesho mengi huweka kiwango cha kilomita 10 au 15 kwa saa, na madereva wengi hukiona kama mzaha. Hesabu inaonyesha sababu yake. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa husafiri zaidi ya mita 8 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kuona, kushtuka na kukanyaga breki, amekwisha kupita mita 12 na nusu kabla breki hazijaanza kushika. Vipimo vinavyotumika sana Uingereza huipa nafasi moja upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 4.8. Kwa hiyo mita hizo ni sawa na magari matano yaliyopangwa kando kwa kando, na mtoto anaweza kuchomoza katikati ya yoyote kati ya hayo. Kisha breki zenyewe zitahitaji mita nyingine tano hivi kwenye lami kavu.

Kwa kilomita 10 kwa saa, dereva yuleyule hupita mita nne na kidogo kabla ya kushika breki, kisha gari husimama ndani ya mita moja. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto ataguswa au ataachwa na mshtuko tu. Na katika uwanja wa mita 100, anayekwenda kilomita 10 badala ya 30 hupoteza sekunde 24 peke yake.

Simu huiharibu hesabu yote. Baraza la Usalama la Taifa nchini Marekani limekuwa likionya kwa miaka kwamba madereva wanaojizuia kutumia simu barabarani hulegea wakifika kwenye maegesho, wakaanza kupiga simu, kuandika ujumbe na kutafuta ramani. Kenya kuna kishawishi cha ziada, kwa kuwa ada ya maegesho sasa hulipwa kwa M-Pesa katika majumba mengi ya biashara. Malipo hayo yafanywe kabla injini haijawashwa, si huku gari likisogea kuelekea getini na jicho moja likitafuta namba ya siri.

Kurudi nyuma, kitendo cha hatari kuliko vyote

Hakuna kitendo cha dereva kinachohitaji tahadhari katika maegesho kama kurudisha gari nyuma. Nyuma ya kila gari kuna eneo ambalo vioo vyote vitatu haviwezi kulionyesha, na kadiri gari linavyoinuka ndivyo eneo hilo linavyopanuka. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hutoweka kabisa ndani yake. Mzee aliyeinama na mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu hutoweka vilevile.

Marekani ilipima ukubwa wa msiba huu. Idara yake ya usalama wa barabara ilikadiria kwamba magari yanayorudi nyuma huua watu wapatao 210 na kujeruhi 15,000 kila mwaka, na kwamba watoto walio chini ya miaka 5 ni asilimia 31 ya wanaokufa, huku wenye miaka 70 na zaidi wakiwa asilimia 26. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2008 ilipewa jina la mtoto wa miaka 2 aliyekufa mwaka 2002, akiwa amegongwa nyumbani kwao na gari la familia lililoendeshwa na baba yake mwenyewe. Kutokana na sheria hiyo, tangu Mei 2018 magari madogo yote mapya yanayouzwa Marekani lazima yawe na kamera ya nyuma inayoonyesha eneo la takriban mita 3 kwa 6.

Kamera hizo zimefika Afrika Mashariki pia, nyingi zikiwa ndani ya magari yaliyotumika Japani. Ni msaada mkubwa, lakini lenzi hufunikwa na matope, picha hufifia juani, na kamera huonyesha kilichopo nyuma tu, si bodaboda inayokuja kwa kasi kutoka ubavuni. Kioo na kamera havichukui nafasi ya shingo iliyogeuka. Taratibu salama ni chache na rahisi: kulizunguka gari kwa miguu kabla ya kupanda, kuhakikisha watoto wa gari hilo wamekaa na kufungwa mikanda, kuzima redio na kushusha kioo ili sauti zisikike, kisha kurudi polepole huku mguu ukiwa juu ya breki.

Katika maegesho mengi ya Kenya mlinzi husimama nyuma ya gari akipunga mkono na kuita, "Kuja, kuja, kuja!" Msaada wake upokewe kwa shukrani, lakini usukani haujahamia mikononi mwake. Akikosea, aliyegonga ni dereva. Na dereva asiyemwona tena mlinzi kwenye kioo asimame papo hapo, kwa kuwa huenda mlinzi mwenyewe ndiye aliye hatarini.

Wataalamu wengi wa usalama hupendekeza kuingia katika nafasi kinyumenyume na kutoka kwa mbele. Sababu yake ni kwamba anayerudi ndani ya nafasi huingia mahali patupu alipokwisha kupaona, lakini anayetoka kinyumenyume huingia katika njia yenye magari na watu asioweza kuwaona. Pale ambapo nafasi zimechorwa kwa mshazari, hata hivyo, mistari imekusudiwa kuingiwa kwa mbele na njia huwa ya upande mmoja. Hapo mistari ifuatwe. Magari mawili yakirudi nyuma kwa wakati mmoja kutoka safu zinazoelekeana, atakayeona kwanza asimame na apige honi fupi.

Kosa jingine la hatari hutokea kwenye gari la gia otomatiki, dereva anapokanyaga mafuta akidhani ni breki. Maegesho yana mazingira yanayolizaa kosa hilo: kusogea kidogo, kusimama, kubadili gia, kugeuza kiwiliwili. Mguu wa kulia peke yake ndio utumike kwa kanyagio zote mbili, na viatu viwe vya kushika mguu vizuri. Kandambili inayochomoka na kunasa chini ya kanyagio ni hatari kubwa. Gari likichomoka ghafla, dereva aondoe mguu wote, aupeleke kwenye breki kwa nguvu na aweke gia huru.

Chini ya ardhi

Maegesho ya ghorofa za chini yana masharti yake. Taa za mbele ziwashwe hata mchana, kwa sababu macho yanayotoka juani huchukua muda kuzoea kiza. Kimo cha gari kilinganishwe na kipimo kilichoandikwa mlangoni, hasa likiwa na mizigo juu. Kwenye mteremko hakuna kulipita gari jingine, na anayepanda aachiwe nafasi ya kutosha, maana gari la gia za mkono linaweza kurudi nyuma kidogo likianza kuondoka.

Injini isiachwe ikinguruma huku watu wakisubiriana. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzuia damu kubeba oksijeni na inaweza kuua mahali pasipo na hewa ya kutosha.

Wajibu wa mwenye eneo

Usalama hauwezi kuachiwa madereva peke yao. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa wenye majengo na ardhi, Sura ya 34, inamtaka anayemiliki au kusimamia mahali achukue hatua za maana ili wageni wake wawe salama, na inamkumbusha kwamba watoto hawawezi kutarajiwa kuwa waangalifu kama watu wazima. Kibao kinachosema magari yanaegeshwa kwa hatari ya wenyewe hakimalizi wajibu huo. Onyo lina nguvu pale tu linapomwezesha mgeni kujikinga.

Kwa vitendo, wajibu huo ni mistari inayoonekana, taa zinazowaka, matuta yaliyopakwa rangi, vioo vya mbinuko kwenye kona zilizojificha, na njia ya miguu iliyotengwa kutoka mlango wa duka hadi safu za magari. Nafasi za wenye ulemavu ziwe pana ili kiti cha magurudumu kishuke, na walinzi wazilinde dhidi ya wanaojisemea kwamba ni dakika moja tu. Geti nalo lipangwe vizuri. Tangu shambulio la kigaidi katika jumba la biashara la Westgate, Septemba 2013, ukaguzi wa magari milangoni umeimarishwa, na pale ambapo geti limejengwa ukingoni mwa barabara, foleni ya ukaguzi humwagikia barabarani na kuzua hatari nyingine.

Ajali ikitokea

Mgongano mdogo wa maegesho huamsha kishawishi cha kuondoka kimya. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame na kutoa jina na anwani yake. Asipofanya hivyo kwa mwenye haki ya kuyajua, aripoti polisi mapema iwezekanavyo na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Gari lililogongwa likiwa halina mtu, mlinzi aitwe amtafute mwenyewe, na jina na namba ya simu viachwe kwenye kioo.

Picha zipigwe kabla magari hayajasogezwa, zikionyesha mistari, mishale na namba za usajili. Msimamizi aombwe ahifadhi picha za kamera za usalama mapema, kwa kuwa mitambo mingi hufuta kumbukumbu za zamani yenyewe. Kampuni ya bima huhitaji abstrakti ya polisi, na majeruhi huhitaji fomu ya polisi ya majeraha, P3, iwapo kesi itafunguliwa. Bima ya lazima chini ya sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inahusu kifo na majeraha ya mtu wa tatu. Gari la dereva mwenyewe halimo, ila awe na bima kubwa. Kuhusu nani alipe, anayerudi nyuma kwa kawaida hubeba mzigo mkubwa wa lawama, na wawili wakirudi kwa pamoja hugawana.

Watembea kwa miguu nao wana sehemu yao. Mtoto ashikwe mkono kuanzia mlango wa gari hadi mlango wa duka, toroli lisukumwe pembeni mwa njia, na taa nyeupe ikiwaka nyuma ya gari, mtu asimame, kwani ni ishara kwamba linataka kurudi. Lakini mwenye tani moja na nusu ya chuma mikononi ndiye mwenye jukumu kubwa zaidi. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Kila dereva anayechukua tiketi getini na aingie akijua kwamba sheria imeingia pamoja naye, apunguze mwendo hadi ule wa mtu anayetembea, na alizunguke gari lake kabla ya kuliondoa.